Kidole cha Commandant Orly

Kwanza walipiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Watu kumi na saba wametoka mdomoni mwa kaburi, magurudumu yamegusa lami ya Bunia sasa hivi, na badala ya kukaa kimya wamshukuru Mungu wao, wanapiga makofi. Mama mmoja wa nyuma akapiga na vigelegele. "Orly! Orly! Mutoto yetu, Mungu akubariki!"

Mutoto yetu. Mimi nilikaa kiti cha kwanza kabisa, mkono wa kuume, nyuma ya pazia la marubani. Pazia lenyewe halifungi tena, pete zake zilikatika siku nyingi na kampuni haikuona haja ya kuweka nyingine. Niliona yote. Nilitaka kusimama niwaambie, acheni upumbavu, aliyetufikisha si huyo. Lakini sauti yangu isingepita vigelegele vile.

Basi nieleze, maana katika mji huu jambo lisiloelezwa linageuka uongo, na likielezwa sana linageuka fitina. Nitaeleza mara moja.

Ilikuwa siku ya ijumaa. Asubuhi, uwanjani Kisangani, nilimkuta Commandant Orly amekaa juu ya valizi ya mtu, kofia magotini, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Baba yake alimpa jina la uwanja wa ndege wa Ulaya ambao hakuuona hata kwa picha, na mtoto akawa rubani, ungesema hakuachiwa njia ingine. Aliponiona akacheka, maana mji mzima unajua barua zangu za malalamiko.

"Muzee Eugène! Leo unaandika nani?"

"Weye, kama haunifikishe."

"Basi andika vizuri. Orly na y ku mwisho."

"Unalalaka saa ngapi siku hizi?"

"Kulala, muzee? Kulala ni ya bale benye kuko babili."

Alikuwa na haki. Kampuni ina ndege moja na commandant wawili, na yule wa pili alikwenda Kinshasa jumatatu kupimwa macho, hakurudi. Kwa hiyo Orly peke yake: Kisangani mpaka Bunia, Bunia mpaka Isiro, Isiro mpaka Bunia, Bunia mpaka Kisangani, na siku nyingine Beni inatiwa katikati kama chumvi. Hiyo ilikuwa siku ya tano. Nilihesabu safari zake kwa vidole vya mikono, kisha vya miguu, nikaacha.

Kopilote wake alikuwa Bénédicte, binti wa mtaa wa Mbunya hapa Bunia, miaka ishirini na saba, mwembamba, asiyecheka ovyo. Alisoma urubani miaka minne mbali na kwao. Yeye angalau alipumzika jumatano, kwa sababu makopilote wako wawili na wa pili hakuwa na shida ya macho.

Tuliruka saa mbili na nusu. Msitu ule haumaliziki. Tulipokuwa juu ya Niania niliona kichwa cha Orly kinaenda mbele, kinarudi, kinaenda mbele, kisha hakirudi tena. Jirani yangu alikuwa Yannick, mchimba dhahabu wa huko huko Niania, kijana mwenye mabega kama mlango, aliyepanda ndege mara ya kwanza maishani.

"Muzee," akaniuliza polepole, "ule papa ya mbele analala?"

"Analala."

"Na avyo, ndege hii, inaenda na nani?"

"Na ule dada."

Akafikiri kidogo. "Dada hasinzie?"

"Hapana."

"Aya." Akafanya alama ya msalaba, akafunga macho, na hakuyafungua tena mpaka Bunia. Kumbukeni hilo, kwa sababu baadaye nilimhitaji.

Rubani kulala angani wakati mwenzake yuko macho, wanasema inaweza kupangwa, ina sheria yake. Sawa. Mimi si mtu wa kulia kwa kila kitu. Ubaya ulianza tulipoanza kushuka. Bénédicte alimgusa begani, Orly akashtuka, akajipangusa mdomo, akashika usukani, akasema, "Nimekamata." Nilisikia vizuri. Nikaona vilima vya Djugu upande wa kushoto na ukungu wa moshi juu ya mji.

Kila mtu wa Bunia anajua kwamba ndege ikishuka karibu na vilima simu zinashika rezo, mtandao. Na kila mtu wa Bunia mwenye koli, kifurushi chake, ndani ya ndege anajua hivyo. Kwetu vitu havitumwi kwa posta, posta ilikufa kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Barabara ya Komanda mnaijua: unapanda na mihogo, unashuka na sala, kama unashuka. Kwa hiyo dawa, diploma, miwani ya bibi, sehemu ya mashine ya kusaga, vyote vinakwenda kwa mkono wa rubani. Na rubani ana namba ya simu. Na mtu anayengoja koli anapiga.

Simu ya Orly ililia ndani ya mfuko wa shati. Akaiacha. Ikalia tena. Akaiacha. Mara ya tatu akaitoa, akatazama jina, na uso wake ukabadilika kama wa mtoto aliyeitwa na mamake kutoka jikoni. Akasukuma kisikilizio kutoka sikio moja.

"Allo, mama. Jambo, mama Godelive. Ndiyo, mama."

Mtu aliyelelewa hapa haachi simu ya mama ilie mara tatu. Na akiishapokea, hakati. Huwezi kumkatia mama mzima katikati ya salamu. Utaulizwa mugonjwa anaendelea aje, utaitika, utauliza na weye, utaitikwa. Ndivyo tulivyo. Tunajisifia hivyo.

"Koli iko, mama. Hapana, haikulowana. Niliiweka chini ya kiti yangu mwenyewe."

"Commandant, train," Bénédicte akasema. Magurudumu, maana yake.

Orly akainua kidole kimoja. Ngoja.

"Eh, mama, na mugonjwa aliamuka aje? Aa. Aa, pole sana."

"Commandant, vitesse," yaani mwendo.

Kidole.

"Commandant, samahani. Train haiko chini."

Kidole, mara ya tatu, na safari hii na kichwa akatingisha, kama kumwambia mtoto, huoni wakubwa wanazungumza? Na ndani ya ndege ikaanza kulia honi, ile honi iliyotengenezwa na watu wenye akili kwa ajili ya kumwambia rubani kwamba anakwenda kulaza ndege kwa tumbo. Inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nilidhani sasa ataacha. Nisikilizeni, naapa, alichosema ni hiki:

"Hapana, mama, si kitu. Ni honi ya avyo tu."

Niliona mabati ya nyumba. Niliona wanawake kwenye uzio, na vitambaa vya vichwa vyao, rangi moja moja. Na hapo Bénédicte akapiga kelele: "Nimekamata mimi!" Akasukuma vile vyuma vya katikati mpaka mwisho, pua ikapanda, na nyuma watu wakaita Yesu na Maria na Allah kwa pamoja. Tukapita juu ya uwanja wote tukielekea angani. Orly alibaki ameshika simu sikioni, mdomo wazi. Bénédicte akazunguka, akashusha magurudumu, akasoma karatasi yake peke yake, akajijibu peke yake, akatua. Laini.

Ndipo makofi.

Orly akatoka wa kwanza, amebeba koli za watu kifuani kama mtu aliyevuna, na wakamshangilia tena kule chini. Bénédicte alibaki ndani. Nilipopita karibu naye, alikuwa anazima mashine, kitufe kimoja kimoja.

"Binti yangu," nikamwambia, "umetuokoa."

"Papa, shuka tu," akasema. "Tafazali."

*

Kuna bureau, ofisi ya kampuni, pembeni ya uwanja, kontena la chuma lililokatwa dirisha. Mkubwa wake pale ni Mama Régine, mwanamke mpole, mwenye sauti ya mtu anayeombea wagonjwa. Muogopeni mtu wa namna hiyo. Haikupita nusu saa, akamwita Bénédicte, na mimi nikaingia nyuma yake bila kuitwa, kama ilivyo kawaida yangu.

"Papa Eugène, kaa kwanza," Régine akasema. "Unywe maji."

"Sina kiu."

"Hii ni mambo ya service, ya kazi."

"Na roho yangu ilikuwa ndani ya service yenu."

Akaacha kunitazama. Akasukuma karatasi moja mbele ya Bénédicte. Ilikuwa imeishapigwa mashine, kwa Kifaransa kizuri. Niliisoma kichwa chini, ni ufundi niliojifunza mbele ya madawati mengi. Ilisema kwamba kopilote, kwa kuogopa bila sababu, alichukua usukani bila ruhusa ya commandant, akatia hofu kwa abiria. Chini yake, nafasi ya saini moja. Ya Bénédicte.

"Tour, ule munara ya uwanja, iliona ndege imepanda tena," Régine akaeleza taratibu. "Wanataka maelezo kwa maandishi mbele ndege haijatoka. Na tunatoka saa tisa kurudi Kisangani. Batu banangoja. Weye usign, mwana, bitaisha."

"Bitaisha kwa nani?" nikauliza.

"Papa."

Bénédicte alisoma polepole, mpaka chini. "Mama Régine, mwezi ujao wanapitia licence yangu. Wakikuta hii, sitaruka tena. Ata avyo ya karatasi."

"Tutakuombea kwa bakubwa."

"Haiko kweli, mama. Train haikushuka. Alikuwa ku simu."

"Nani aliona?"

"Miye niliona!" nikasema.

Régine akatabasamu kwa huruma. "Papa Eugène, weye unaonaka kila kitu. Mwaka ule uliona maji ya bomba ya régie iko na sumu. Uliona pont itaanguka."

"Na ilianguka!"

"Ilianguka kisha miaka kumi na moja, papa."

Ndiyo zawadi ya kuwa na kumbukumbu ndefu katika mji wenye kumbukumbu fupi. Ukisema mapema wewe ni mwenda wazimu, na siku daraja linaanguka wanakuambia umechelewa. Régine akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo. "Lete bashahidi, papa. Si weye peke. Abiria. Mukikuja na majina, nitayatuma pamoja. Musipokuja, anasign."

Nikatoka.

Abiria wenzangu walikuwa bado chini ya bati, wanangoja mizigo. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika kumi. Ningewaambia, ndugu, tulikuwa karibu kufa, binti akatuokoa, tieni majina. Nani angekataa?

Wote walikataa.

"Kumuandika Orly?" papa mmoja mwenye kofia ya sufu akaniambia. "Dawa ya sukari ya kaka yangu italetwa na nani?"

"Simuandiki Orly. Naandika kilichopita."

"Kilichopita ni Orly."

"Ule mutoto mwanamuke alitushitua," akasema mama wa vigelegele. "Moyo yangu mpaka sasa. Commandant alikuwa anashuka vizuri, pole pole, yeye anavuta!"

"Mama, ulisikia ile honi?"

"Nilisikia. Nilifikiri tumefika."

Nikamwendea Yannick. Huyu, nikasema, ni mtu wa shimo, anajua maana ya kuzikwa hai. "Yannick, weye ulikuwa pembeni yangu. Useme."

Akakuna kichwa. "Muzee, minakuheshimu. Lakini miye nilifunga macho."

"Masikio pia?"

"Masikio nilikuwa nasali nayo."

Ningempiga na kiatu changu. Mtu ana mabega ya kubeba mlima, na hawezi kubeba jina lake mwenyewe mpaka kwenye karatasi! Nikamwachia Mungu, nikaenda kwenye uzio, kwa sababu nilijua nani yuko pale.

Mama Godelive alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, koli yake magotini, sanduku dogo lililofungwa na gundi ya karatasi. Anauza samaki wa ziwa katika soko la Nyakasanza. Mume wake ana ugonjwa wa figo, na dawa ile haipatikani Bunia. Tunajuana tangu zamani, tulitembea pamoja maandamano ambayo leo hakuna anayeyakumbuka ila sisi na polisi.

"Eugène!" akaniita kwa furaha. "Ulikuwa ndani? Miye niliongea naye mpaka juu ya vichwa yetu! Nilikuwa namuona na macho, namusikia na sikio!"

"Ulikuwa karibu kutuua, Godelive."

Nikamweleza. Honi, kidole, mabati. Nilieleza kwa ukali, sikuficha, nilikuwa nimechoka na makofi. Alisikiliza, na furaha ikamtoka usoni taratibu. Nikadhani atalia. Kumbe sijamjua bado.

"Na namba," akasema, "namba ya Orly nilitoa wapi?"

Nikageukia uzio, kama kuna mtu ameniita.

"Nakuuliza. Nani alitupatia namba ya mapilote? Nani alikuja Nyakasanza na mukaratasi mukubwa, akaipiga na misumari ku mulango ya soko, akapanda ku kiti, akasema, 'Ba mama, hii ni haki yenu, muite saa yoyote, bakikataa muniambie'? Ni Orly? Ni miye?"

"Ilikuwa wakati ingine."

"Ni weye, Eugène."

Nilikuwa mimi. Miaka sita iliyopita, barabara imefungwa, watu wa Djugu wamejaa kambini, watoto wanakosa dawa, na marubani walikuwa wanabeba koli za wakubwa tu. Tulikaa chini mbele ya uwanja siku nne, mvua na jua. Siku ya tano kampuni zikakubali: kila rubani atabeba dawa za watu bure, na kila rubani atatoa namba yake. Mimi ndiye niliyeandika namba zile kwa mkono wangu, herufi kubwa. Nimepigana vita ishirini katika mji huu. Maji, daraja, mishahara ya walimu, kodi ya kivuko. Nilishinda moja tu. Ndiyo hiyo.

"Na Orly anaitikaka," Godelive akasema, sauti imeshuka. "Bengine babadilisha namba. Yeye anaitikaka."

Nikaenda kumtafuta Orly mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na hasira bado na ilihitaji mahali pa kwenda.

Nilimkuta ndani ya depo, ghala la mizigo, juu ya magunia ya maharage, viatu miguuni, mkono mmoja umening'inia. Ilibidi nimtikise mara nne.

"Commandant. Commandant!"

"Tunashuka?" akasema.

"Umeishashuka. Uko Bunia. Juu ya maharage."

Akaketi. Akatazama magunia. "Muzee Eugène. Tulifika namna gani?"

"Unaniuliza miye?"

"Nakumbuka Niania," akasema, anapapasa uso. "Nakumbuka msitu. Kisha Béné alinigusa. Kisha... kisha nagawa koli. Katikati hakuna."

"Uliongea na Mama Godelive."

"Leo?"

"Leo, Orly. Train iko juu, honi inalia, weye unamuuliza hali ya mume wake."

Nilingoja akane. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumjibu, makali, mazuri. Hakukana. Alinitazama tu kama mtu anayesikia habari za msiba wa jamaa asiyemfahamu vizuri. "Na mume wake iko namna gani?" akauliza. Kisha akalala tena, taratibu, shavu kwenye gunia. "Saa tisa muniamushe, muzee. Nabeba batu."

Nikatoka nje. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Chini ya bati, watu wa kwenda Kisangani walikuwa wameishafika, kumi na watano au kumi na sita, na mabegi yao na watoto wao wamevikwa nguo za kusafiria. Ndio aliokuwa anawabeba.

*

Nilikaa chini kwenye saruji nikaandika. Nimeandika barua nyingi, na zote zinaanza na jina la mkosaji: Bwana Gavana, Bwana Mkurugenzi, nyinyi mliofanya hivi na hivi. Safari hii kalamu ilisimama. Nikiandika Orly peke yake, hakuna wa kutia jina, nao wana haki, wanajua ni nani anaitika. Nikiandika kampuni peke yake, Régine atasema ni yale yale ya Eugène. Nikiacha, binti anasign. Na jina la nne lilikuwa linanitazama.

Nikarudi kwenye bureau na karatasi mbili. Mlango ulikuwa wazi, na nyuma yangu wakaja watu wa Kisangani waliochoka kungoja.

"Asign tu, tuende!" akapiga kelele mwanaume mmoja. "Siye tuko na mambo ya kufanya!"

"Muzee anatukawisha na politiki yake!"

Bénédicte alikuwa amekaa pale pale, kalamu mbele yake. Alikuwa ameivua kofia yake. Nikasimama mlangoni, nikageukia watu, nikasoma kwa sauti.

"Miye, Eugène wa Nyakasanza, nilikuwa kiti cha mbele. Miaka sita iliyopita nilipiga namba za marubani kwenye mlango wa soko, nikawaambia watu waite saa yoyote. Sikusema wasiite ndege ikishuka. Sikufikiri. Kosa la kwanza ni langu."

Kelele ikapungua. Nadhani hawakuwahi kunisikia nikisema neno kosa likiwa na jina langu karibu. Mimi pia sikuwahi.

"La pili ni la kampuni," nikaendelea, "iliyomrusha mtu mmoja siku tano kwa sababu mwenzake hayuko. Sasa hivi amelala juu ya maharage na hakumbuki kama alitua. Nimetoka kwake. Nendeni mumtazame, kisha mupande, kama munataka."

Mwanaume wa kelele akageuza shingo kuelekea depo. Mke wake alikuwa ameishaondoka kwenda kutazama.

"Haya ni maneno, papa," Régine akasema, mpole vile vile. "Saa ya simu, nani anajua? Labda aliongea chini."

"Miye minajua."

Ilikuwa Godelive. Alipita katikati ya watu na beseni lake, koli ndani. Akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaiweka mezani mbele ya Régine, juu ya ile karatasi ya Kifaransa. "Angalia. Ni miye niliita. Saa nne na dakika nane. Tuliongea dakika ine. Tour banasema avyo ilipanda tena saa ngapi?"

Régine akaigeuza simu kifudifudi.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," Bénédicte akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu niingie.

"Basi," Godelive akasema. "Eugène, andika na yangu. Ya pili. Na uandike vizuri, nilikuwa sijue kama ni saa ya kushuka. Hapana, kata hiyo. Nilikuwa najua. Nilikuwa namuona. Andika nilikuwa namuona."

Nikaandika. Yule mke wa mwanaume wa kelele akarudi kutoka depo, akamwambia mume wake kitu sikioni, mume akachukua begi lao akalitoa kwenye mstari. Papa wa kofia ya sufu, ambaye nilidhani ameenda kwake zamani, akatia jina la tatu. "Lakini uandike kama ni mutu muzuri," akaniambia. Nikaandika kwamba ni mtu mzuri. Yannick akatia la nne. "Miye niandike nini, na nilifunga macho?" "Andika ulifunga macho kwa sababu ulimuona amelala." Akaandika hivyo hivyo, kwa herufi za kuchora. Tulifika majina saba. Si kumi na saba. Saba.

Régine alisoma mpaka mwisho, akaipiga muhuri, akaandika saa. Kisha akamgeukia Bénédicte. "Na yako?"

Bénédicte akaichukua ile karatasi ya kwanza, akaikunja mara mbili, akamrudishia kwa mikono miwili, kama inavyofaa kumpa mkubwa kitu. "Sitasign, mama. Na sitaruka naye leo. Anatakiwa kulala."

"Basi ndege haitoki," Régine akatangaza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata makali. "Mumushukuru Papa Eugène!"

Wakanishukuru. Nilishukuriwa kwa Kiswahili, kwa Lingala, na kwa lugha nyingine mbili. Mmoja alikuwa na harusi jumamosi. Mmoja alikuwa na maiti inayomngoja. Ndege ilikaa pale mpaka jumapili, commandant mwingine alipokuja, na siku hizo mbili sikuweza kununua hata chumvi bila kuambiwa kitu. Wale waliopiga makofi ndio waliotukana zaidi. Wiki tatu zilipita, wakubwa wa anga wakasoma barua, licence ya Bénédicte ikapita. Hakuna aliyepiga makofi.

Siku ile, watu walipotawanyika, nilimfuata nje. Nilidhani atasema kitu. Sitadanganya, nilikuwa nataka aseme kitu.

"Papa Eugène," akasema, "na namba yangu iko ku ule mulango?"

"Iko. Tangu mwaka jana."

"Nani alikupatia?"

"Orly."

Akatoa simu yake. "Jana usiku niliitwa mara kumi na moja," akasema. "Kesho uitoshe, uifute. Zote. Batu waache koli ku bureau, na baite namba ya bureau, si yetu." Akaenda kutafuta moto-taxi, kofia mkononi, bila kugeuka. Nilikuwa na jibu kuhusu haki za ba mama. Nililimeza.

Saa kumi na moja nikapita depo. Hakuna aliyekuwa amemwamsha Orly. Wote walinitukana mimi na kumsahau yeye. Akasikia hatua zangu, akafungua jicho moja.

"Saa tisa?"

"Ilipita."

Akainuka kwa kiwiko, ghafla, ameogopa. "Ndege imeenda? Na nani?"

"Haikuenda."

"Haitaenda leo?"

"Haitaenda."

Nilikuwa tayari kwa matusi yake pia, yalikuwa yamebaki hayo tu. Akatazama mlango na mwanga wake. Kisha akavua kiatu kimoja, akavua na kingine, akaviweka pamoja chini ya magunia kwa utaratibu, kama mtu aliyefika kwake.

"Aksanti, muzee," akasema, akalala.